Tusisubiri mgonjwa wa ini atapike damu

Familia nyingi hujua kwamba mgonjwa wao ana mishipa ya damu iliyovimba kwenye umio siku ile ile anapotapika damu. Kabla ya hapo mtu huyo alikuwa akienda shambani, ziwani au sokoni kama kawaida. Pengine miaka miwili nyuma aliambiwa ana homa ya ini aina ya B. Pengine aliambiwa wengu wake umekuwa mkubwa kwa sababu ya kichocho, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Habari ya mishipa hakuelezwa. Kisha usiku mmoja anahisi kichefuchefu, anatapika damu ya kujaza beseni, na ndugu wanaanza kuhangaika: gari litapatikana wapi, hospitali gani ina damu, nani ana kundi la damu linalolingana na lake.

Hoja ya safu hii leo ni moja. Damu hiyo ya kwanza, kwa wagonjwa wengi, inaweza kuzuiwa. Dawa ya kuizuia ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Kipimo cha kuiona mishipa kabla haijapasuka kipo nchini, ingawa hakijafika kila mahali. Kinachokosekana zaidi ni desturi ya kuuliza mapema: mgonjwa kumuuliza daktari, na daktari kumuuliza kila mgonjwa wa ini, iwapo mishipa ya umio imeshaangaliwa. Tumezoea kuusubiri ugonjwa huu ujitangaze wenyewe kwa damu, na hapo tunakuwa tumechelewa.

Damu hiyo inatoka wapi?

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi hushangaa kusikia kwamba mgonjwa wa ini anatokwa damu humo, kwa kuwa ini liko upande wa kulia chini ya mbavu. Jibu liko kwenye mzunguko wa damu.

Damu inayotoka kwenye tumbo, utumbo na wengu hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini. Karibu robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini hupita hapo. Ini likiwa laini, damu hupenya bila shida. Ini likijaa makovu, iwe kwa sababu ya virusi, pombe au mayai ya kichocho, njia huwa finyu na presha ndani ya mshipa ule hupanda. Presha hii si ile inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kupimwa mkono akaambiwa yuko sawa kabisa, huku presha ya tumboni ikiendelea kupanda.

Mkulima wa mpunga ataelewa jambo hili haraka. Mfereji mkuu ukiziba, maji hayasimami. Hutafuta vijifereji vya pembeni, na kwa kuwa vijifereji hivyo havikuchimbwa kubeba maji mengi, hupanuka na kingo zake hudhoofika. Ndivyo ilivyo mwilini. Damu iliyozuiliwa kwenye ini hupita pembeni, kwenye vimishipa vidogo vilivyo chini ya utando wa ndani wa umio. Vimishipa hivyo hutanuka polepole, kuta zake zikizidi kuwa nyembamba. Siku presha ikizidi, kimojawapo hupasuka.

Kwa watu ambao ini lao limesinyaa na kujaa makovu, karibu nusu huwa tayari wana mishipa hiyo wakati ugonjwa unapogunduliwa. Kati ya watu 100 wenye mishipa hiyo, kati ya 5 na 15 hutokwa damu kila mwaka, wengi wao wakiwa wale wenye mishipa mikubwa. Na kati ya 100 wanaotokwa damu, 15 hadi 20 hufariki ndani ya wiki sita, hata kwenye hospitali zenye vifaa na damu ya kutosha. Mahali ambapo mgonjwa anapaswa kwanza kuvuka maji au kupita kilomita nyingi za barabara ya vumbi kabla ya kuongezewa damu, hali haiwezi kuwa afadhali. Ndiyo maana nasema pambano hili hushindwa au kushindikana kabla ya damu kutoka.

Kichocho na homa ya ini

Hapa Tanzania ugonjwa huu una vyanzo viwili vikubwa, na ni vizuri kuvitofautisha.

Cha kwanza ni kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea zaidi Kanda ya Ziwa. Wengi wakisikia kichocho hufikiria kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha aina nyingine, kinachoshambulia kibofu. Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga mayai kila siku. Baadhi hutoka na choo, na mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo. Mwili huyazungushia makovu, na baada ya miaka ya kuambukizwa tena na tena njia za damu ndani ya ini huziba.

Tanzania ni ya pili barani Afrika, nyuma ya Nigeria, kwa idadi ya watu wenye kichocho. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 240 waliofika hapo wakitokwa damu kwenye sehemu ya juu ya mfumo wa chakula. Zaidi kidogo ya nusu yao, damu ilitoka kwenye mishipa iliyovimba ya umio. Vidonda vya tumbo, ambavyo watu wengi hudhani ndiyo sababu kuu, vilikuwa robo.

Chanzo cha pili ni makovu yanayotokana na homa ya ini aina ya B na C, pamoja na pombe ya miaka mingi. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto nchini mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na leo ndio wazazi, wavuvi, walimu na madereva wetu.

Tofauti ya vyanzo hivi ina uzito. Mgonjwa wa homa ya ini au pombe mara nyingi ini lake hupungua nguvu: macho huwa ya njano, miguu huvimba, tumbo hujaa maji. Mgonjwa wa kichocho anaweza kuwa na mishipa mikubwa ya umio huku ini lake likiendelea kufanya kazi vizuri. Akipimwa damu kuangalia kazi ya ini, majibu huja mazuri. Anaambiwa ini lake liko salama, na yeye anaamini. Kumbe majibu yale hayakupima presha ndani ya mshipa.

Kwa nini tunachelewa?

Sababu ya kwanza ni kwamba mishipa hii haiumi. Haileti kiungulia, haizuii kumeza, haikohozi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka asijue. Katika nchi ambayo wengi wetu huenda hospitali pale tu maumivu yanapozidi, ugonjwa usiouma hupata nafasi ya kukomaa.

Sababu ya pili ni tafsiri tunazoupa. Wengu uliovimba, ambao wengine huuita bandama, huonekana kama uvimbe upande wa kushoto chini ya mbavu. Vijijini bado kuna wanaokwenda kuchanjwa chale juu ya uvimbe huo, au kuambiwa wametupiwa kitu. Mtu akitapika damu ghafla usiku, maneno ya kurogwa huanza kabla hata hajafikishwa zahanati. Sina nia ya kudharau imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba wengu huo umevimba kwa sababu damu yake imekosa njia ya kupita, na chale haziwezi kuifungua njia hiyo. Zinaweza kuleta damu nyingine na maambukizi.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi wahudumu wa afya. Tumejifunza kutibu chanzo, na mara nyingi tunaishia hapo. Mwenye virusi hupewa dawa ya virusi. Mwenye kichocho humeza prazikwanteli. Dawa hizo ni muhimu sana: virusi vikidhibitiwa, makovu yanaweza hata kupungua, na minyoo ikifa, mayai mapya hayaongezeki. Lakini makovu yaliyokwisha kukomaa hayaondoki kwa kumeza vidonge vya siku moja, na mishipa iliyokwisha kutanuka haisinyai siku minyoo inapokufa. Mgonjwa aliyepona kichocho anaweza kutapika damu miaka kadhaa baadaye. Anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Nani aangaliwe?

Kuna hoja inayotolewa kila mara: hatuwezi kumpeleka kila mwenye kichocho au homa ya ini kwenye kipimo cha endoskopi. Hiyo ni kweli, na hakuna anayedai hivyo. Wengi wenye virusi vya homa ya ini B hawana makovu makubwa, na wengi wenye minyoo ya kichocho hawajafikia hatua hiyo. Kazi ni kuwachuja, na uchujaji unaweza kuanzia kwenye vipimo ambavyo hospitali nyingi za wilaya zinavyo.

Cha kwanza ni mikono ya daktari au tabibu kwenye tumbo. Wengu unaopapaswa chini ya mbavu za kushoto kwa mtu mzima ni jambo la kuulizia sababu. Cha pili ni kipimo cha picha kamili ya damu. Humo kuna chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Wengu ukivimba huzishika chembe hizo, na idadi yake kwenye damu hushuka. Kwa mgonjwa wa ini, chembe sahani chini ya 150,000 ni ishara ya kutopuuza. Cha tatu ni utrasaundi, inayoonyesha ukubwa wa wengu, makovu kuzunguka mishipa ya ini, upana wa mshipa mkubwa na maji tumboni.

Mwenye dalili hizo ndiye wa kupelekwa kwenye endoskopi. Ni mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Kooni hupuliziwa dawa ya ganzi, na kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Hakifurahishi, lakini mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari huona kama mishipa ipo, ni midogo au mikubwa, na kama ina madoa mekundu yanayoonyesha kwamba ukuta umekuwa mwembamba na uko karibu kupasuka.

Kama ini limesinyaa na mishipa haipo, kipimo hurudiwa baada ya miaka miwili au mitatu, kutegemea kama chanzo cha ugonjwa kimedhibitiwa. Mishipa ikiwa midogo, hurudiwa baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Ikiwa mikubwa, tiba ya kuzuia inaanza.

Dawa ya moyo kwa mgonjwa wa ini

Dawa inayotumika zaidi ni propranololi. Ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 na James Black kwa ajili ya magonjwa ya moyo, na mwaka 1988 mwanasayansi huyo alipata Tuzo ya Nobeli. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba dawa hiyo hiyo inasaidia wagonjwa wa ini waliokwisha kutokwa damu wasitokwe tena. Mwaka 1987 ukachapishwa utafiti mwingine, pia kutoka Ufaransa, kuhusu wagonjwa ambao hawajawahi kutokwa damu. Kwa wenye mishipa mikubwa, dawa hupunguza uwezekano wa damu ya kwanza kwa karibu nusu.

Inafanyaje kazi? Hupunguza kasi ya moyo na kubana mishipa inayopeleka damu kwenye utumbo. Damu inayoingia kwenye mfereji ule uliobanwa hupungua, na presha yake hushuka. Siku hizi madaktari wengi hutumia pia karvediloli, dawa ya ukoo huo huo.

Tafiti nyingi za kuzuia damu ya kwanza zimefanywa kwa wenye ini lililosinyaa kwa virusi na pombe. Kwa kichocho tafiti ni chache. Hata hivyo, nchini Sudan, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kwa wagonjwa wa kichocho waliokwisha kutokwa damu ulionyesha kwamba waliotumia propranololi walitokwa damu tena mara chache zaidi, na vifo vilipungua. Presha ni ile ile na mishipa ni ile ile. Kwa maoni yangu, uchache wa tafiti usiwe kisingizio cha kumwacha mgonjwa wa Sengerema au Ukerewe bila kinga yoyote.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi mtu akanunue propranololi dukani. Mwenye pumu haifai kwake, na inaweza kumbana kifua vibaya. Haifai pia kwa mwenye moyo unaopiga polepole mno, wala kwa mwenye tumbo lililojaa maji ambaye presha yake ya mkononi imeshuka sana au figo zake zimeanza kushindwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari aseme, kwa sababu propranololi inaweza kuficha dalili za sukari kushuka. Daktari huanza na dozi ndogo, akaipandisha taratibu huku akipima mapigo ya moyo, kwa kawaida akilenga mapigo 55 hadi 60 kwa dakika, na presha ya juu isishuke chini ya 90.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mgonjwa kuacha dawa. Amepewa kidonge cha presha na yeye hana presha, anaona makosa. Au anajisikia vizuri, anaona haina kazi tena. Au inamchosha na kumpa kizunguzungu wiki za mwanzo. Usiache ghafla. Rudi kwa daktari apunguze dozi au abadilishe. Dawa hii inakulinda siku zile unazoimeza. Ukiiacha, presha hurudi ilipokuwa.

Kufunga mishipa

Kwa asiyeweza kutumia vidonge, au mwenye mishipa mikubwa ambaye daktari anaona njia hii inamfaa zaidi, mishipa hufungwa kupitia endoskopi ile ile. Mshipa huvutwa kidogo na kubanwa na kipete cha mpira. Sehemu iliyobanwa hukosa damu, hunyauka na kudondoka, pakabaki kovu dogo. Kazi hii hairudishi mishipa yote mahali pake kwa siku moja. Hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa iishe, kisha mgonjwa huangaliwa tena kwa vipindi, kwa sababu mishipa inaweza kuota upya. Siku chache baada ya kufungwa hula vyakula laini, kama uji na ndizi zilizopondwa.

Pamoja na vidonge au kufungwa, yapo ambayo mgonjwa anaweza kufanya mwenyewe. Pombe iachwe kabisa, gongo na bia vilevile. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziepukwe, kwa kuwa huchubua utando wa ndani wa tumbo na huweza kuanzisha damu. Parasetamoli kwa dozi aliyoelekeza daktari ni salama zaidi. Mitishamba ya kusafisha ini iachwe; mingine huliumiza ini lile lile inalodaiwa kulisafisha.

Mashine hazitoshi, tufanyeje?

Najua kuna msomaji anayesema: yote haya ni mazuri, lakini mashine ya endoskopi iko hospitali ya rufaa, na mimi niko kisiwani. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini uhaba wa mashine ndio sababu ya kupanga mapema. Mtu anayesafiri kwenda kupimwa akiwa mzima, kwa siku aliyochagua, kwa nauli aliyojiwekea akiba, hutumia kidogo kuliko familia inayokodi gari usiku, kutafuta chupa kadhaa za damu na kulaza mgonjwa wodini kwa siku nyingi. Gharama ya dharura hailingani na ya kinga, na dharura mara nyingi huishia msibani.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. La kwanza halihitaji bajeti: kila daftari la kliniki la mgonjwa wa ini liandikwe ni lini umio uliangaliwa na nini kilionekana. Kama haujaangaliwa, iandikwe hivyo, ili kila anayelifungua alione pengo.

La pili, kambi za madaktari bingwa zinazozunguka wilayani ziwe na mashine ya endoskopi na vipete vya kufungia mishipa, hasa zinapokuwa Kanda ya Ziwa.

La tatu, pale ambapo mgonjwa hawezi kabisa kufikia endoskopi na dalili zake ziko wazi, yaani wengu mkubwa, chembe sahani zilizoshuka na utrasaundi yenye makovu, daktari wa wilaya awe na mwongozo wa kuanza propranololi kwa kushauriana na bingwa kwa simu. Kumsubirisha mtu mwaka mzima bila dawa kwa sababu hajapigwa picha ya umio ni kumfanya alipie uhaba wa mashine kwa damu yake.

La nne linahusu malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika utekelezaji wake, endoskopi ya kuchunguza mgonjwa ambaye hajatokwa damu ihesabiwe kuwa tiba halali, sawa na ile ya anayetokwa damu.

Kwa wazazi

Mtoto mwenye tumbo linalojitokeza upande wa kushoto asipelekwe kuchanjwa. Wengu wa mtoto unaweza kuvimba kwa malaria ya mara kwa mara, selimundu, kichocho na magonjwa mengine, na kila moja lina tiba yake. Mwambie daktari kama mtoto anaogelea au kuchota maji ziwani. Mtoto ambaye wengu wake umevimba asicheze michezo ya kugongana, kwa sababu pigo moja la tumbo linaweza kuupasua.

Shuleni watoto hupewa kingatiba ya kichocho. Wapo wazazi wanaowazuia watoto siku hiyo kwa kuogopa kizunguzungu na kichefuchefu. Mpe chakula kabla ya kumeza, na maudhi hayo hupungua sana. Kizunguzungu cha saa chache hakilingani na makovu ya ini ya maisha. Ninaongeza kwamba kingatiba ya shuleni peke yake haitoshi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo kichocho kimeenea, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Mvuvi, mama anayefua ziwani na mtoto anayebebwa mgongoni kwenda majini wote huambukizwa, na hakuna hata mmoja wao anayekaa darasani. Na bila vyoo na maji safi, minyoo hurudi.

Mchanje mtoto kwa ratiba. Chanjo ya homa ya ini B imo kwenye sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama mjamzito apimwe virusi hivyo kliniki, ili mtoto alindwe mapema akizaliwa. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe mavi ya ng'ombe, majivu wala udongo. Uchafu ukiingia kitovuni, maambukizi yanaweza kufuata mshipa hadi ule unaoingia kwenye ini na kuuziba. Mtoto hukua, na miaka baadaye anatapika damu ingawa ini lake ni zima.

Damu ikitoka

Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kinachong'aa kama lami chenye harufu kali, hiyo ni dharura hata kama hasikii maumivu. Mlaze kwa ubavu ili damu isiingie kwenye mapafu. Usimpe maziwa, maji ya chumvi, dawa ya kienyeji wala chakula. Mpeleke hospitali inayoweza kuongeza damu, si duka la dawa. Beba daftari lake la kliniki na dawa anazotumia, na ndugu wawili watatu wenye afya waongozane naye kwa ajili ya kuchangia damu. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini kwa mgonjwa wa ini usijiamulie mwenyewe kwamba ni hivyo.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, kliniki ijayo nenda na maswali matatu kwenye karatasi. Je, ini langu lina makovu kiasi cha kupandisha presha ya ndani? Je, mishipa ya umio wangu imeangaliwa, na kama bado, nitaangaliwa lini na wapi? Je, kuna dawa ninayopaswa kutumia sasa ili nisitokwe damu? Usiondoke bila majibu, na majibu hayo yaandikwe kwenye daftari lako.